UZI: Kiwango cha fandingi kwenye mikataba ya kudumu ya kripto – nani anamlipa nani, kwa nini, na kinakula mtaji vipi

Mwanzisha uzi

Ndugu wachangiaji, habari zenu.

Maswali kuhusu fandingi, yaani malipo ya mara kwa mara kati ya walio ndani ya mikataba ya kudumu, yamekuwa yakijitokeza mara kwa mara ndani ya nyuzi zinazozungumzia mambo mengine, na kwa kawaida hujibiwa kwa mstari mmoja au miwili. Majibu hayo huangukia katika makundi mawili: wapo wanaosema ni tozo ambayo jukwaa linajikatia, na wapo wanaosema ni dalili ya kujua bei itaelekea wapi. La kwanza si kweli kwa majukwaa makubwa, na la pili ni kweli mara chache mno kiasi kwamba kulitegemea ni hatari. Ninavyoona mimi, fandingi ni bei ya kukaa ndani ya mkataba usio na tarehe ya mwisho, na mfanyabiashara anapaswa kuihesabu kwanza kama gharama kabla hajaanza kuisoma kama ishara.

Tuanze na sababu ya kuwapo kwake. Mkataba wa kawaida wa bei ya baadaye una siku ya kuisha, na siku hiyo ikifika, bei ya mkataba na bei ya mali yenyewe hulazimika kukutana, kwa kuwa hesabu inafungwa kwa bei halisi ya soko. Mikataba ya Bitcoin iliyoanza kuuzwa kwenye soko la CME la Chicago mwezi Desemba 2017 ni ya namna hiyo. Mkataba wa kudumu hauna siku hiyo. Mtu anaweza kuingia leo na kukaa humo miaka, alimradi dhamana yake inatosha. Sasa, ikiwa hakuna siku ya kukutana, ni kitu gani kinachozuia bei ya mkataba isiachane kabisa na bei ya Bitcoin kwenye soko la papo kwa papo, yaani pale sarafu yenyewe inaponunuliwa na kuuzwa? Jibu ni malipo madogo yanayorudiwa: bei ya mkataba ikiwa juu ya bei ya soko la papo kwa papo, walio longi, yaani wanaonufaika bei ikipanda, huwalipa walio shoti, yaani wanaonufaika bei ikishuka; ikiwa chini, malipo hugeuka na walio shoti huwalipa walio longi. Anayelipa anapata sababu ya kuondoka, anayelipwa anapata sababu ya kuingia, na msukumo wa hao wawili hurudisha bei karibu na mahali pake.

Wazo hili halikuzaliwa kwenye kripto. Robert Shiller, mwanauchumi wa Marekani, alilipendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa na nia ya kuwezesha biashara ya mikataba juu ya mali ambazo bei zake ni vigumu kuzipima kila siku, kama vile nyumba. Lilikaa kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka 20 hadi jukwaa la BitMEX lilipoanzisha mkataba wa kudumu wa Bitcoin mwezi Mei 2016, likiwa na malipo kila baada ya saa 8 na leveraji, yaani ukubwa wa biashara ukilinganisha na fedha ya dhamana uliyoweka, inayofika mara 100. Majukwaa mengine yaliiga, na leo hii ndiyo aina ya mkataba inayouzwa na kununuliwa kuliko nyingine zote katika kripto.

Sasa hesabu. Majukwaa mengi yanajenga kiwango kutoka vipande viwili. Kipande cha kwanza ni ziada ya bei, yaani umbali kati ya bei ambayo mkataba unaweza kununuliwa au kuuzwa kwa kiasi kikubwa cha fedha kwa wakati huo, na bei ya fahirisi inayotokana na wastani wa masoko kadhaa ya papo kwa papo. Umbali huo haupimwi mara moja tu, bali hupimwa tena na tena katika kipindi chote, kisha hutafutwa wastani wake. Kipande cha pili ni riba, ambayo kwenye BitMEX ilitokana na tofauti kati ya riba ya kukopa dola, iliyowekwa kuwa asilimia 0.06 kwa siku, na riba ya kukopa Bitcoin, iliyowekwa kuwa asilimia 0.03. Tofauti ya asilimia 0.03 ikigawanywa kwa vipindi 3 vya siku inatoa asilimia 0.01. Nambari hiyo ilirithiwa na jukwaa la Binance na mengine mengi, hata pale ambapo riba halisi za kukopa zilikwisha kubadilika zamani.

Vipande hivyo haviunganishwi kwa kujumlisha tu. Unachukua riba, unatoa ziada, na jibu lake unalibana lisizidi asilimia 0.05 juu wala asilimia 0.05 chini ya sifuri. Kisha unalijumlisha na ziada. Inaonekana kama uchawi wa karani, lakini matokeo yake ni muhimu sana, kwa hiyo tuipitie polepole. Chukua ziada ya asilimia 0.03. Riba kutoa ziada ni hasi 0.02, ambayo imo ndani ya mipaka, kwa hiyo kiwango ni 0.03 kutoa 0.02, yaani asilimia 0.01. Chukua sasa ziada ya hasi 0.03, maana yake mkataba unauzwa chini kidogo ya soko la papo kwa papo. Riba kutoa ziada ni 0.04, imo ndani ya mipaka, na kiwango ni hasi 0.03 kujumlisha 0.04, yaani asilimia 0.01 tena. Kwa maneno mengine, kuanzia ziada ya hasi 0.04 hadi chanya 0.06, jibu ni lile lile la 0.01, na walio longi wanalipa hata kama mkataba uko chini ya bei ya soko. Ndiyo maana nambari ya 0.01 inaonekana kila mahali kana kwamba imegandishwa. Ziada ikitoka nje ya ukanda huo ndipo kiwango kinaanza kusema kitu: ziada ya 0.12 inatoa kiwango cha 0.07, na ziada ya hasi 0.10 inatoa hasi 0.05.

Malipo yenyewe ni kiwango hicho kuzidishwa kwa thamani yote ya nafasi uliyofungua, yaani mikataba yote unayoishikilia. Nasisitiza: thamani yote, si dhamana uliyoweka. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua kilichowauma.

Mchangiaji

Mkuu, asante kwa maelezo. Ninalo swali la moja kwa moja. Niliwahi kufungua nafasi ya longi, bei ikakaa pale pale kwa siku kadhaa bila kupanda wala kushuka, lakini salio langu likawa linapungua na bei ya kufilisiwa, yaani ile ambayo jukwaa hufunga nafasi yangu kwa lazima, ikawa inasogea karibu. Je, hiyo ndiyo fandingi, au kulikuwa na tozo nyingine?

Mwanzisha uzi

Ndugu, dalili ulizozitaja ni za fandingi, kwa sababu tozo ya biashara hukatwa wakati wa kufungua na kufunga tu. Tufanye hesabu ili iwe wazi kwa wote. Tuseme dhamana ni dola 1,000 na leveraji ni mara 20. Thamani ya nafasi inakuwa dola 20,000. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 0.01, kila saa 8 unalipa dola 2, na kwa siku dola 6. Mtu akiangalia 0.01 anaona hakuna kitu, lakini dola 6 ni asilimia 0.6 ya dhamana yake kila siku. Soko likichangamka na kiwango kikapanda hadi asilimia 0.1, jambo ambalo limewahi kutokea mara nyingi, malipo yanakuwa dola 20 kila saa 8, yaani dola 60 kwa siku, na hiyo ni asilimia 6 ya dhamana. Kwa mwendo huo, siku 10 tu za bei kusimama zinaweza kuondoa zaidi ya nusu ya dhamana, na kwa kweli mtu huyo atakuwa amefilisiwa kabla dhamana haijafika sifuri, kwa kuwa jukwaa linadai kiwango cha chini cha dhamana kibaki muda wote.

Kuhusu bei ya kufilisiwa kusogea: kwenye baadhi ya majukwaa malipo hukatwa kwanza kwenye salio lililo huru, na lisipokuwepo, hukatwa kwenye dhamana ya nafasi yenyewe. Anayetumia dhamana iliyotengwa kwa nafasi moja ataona jambo hili mapema zaidi kuliko anayetumia dhamana ya pamoja, ambaye salio lake lote linabeba mzigo kimyakimya. Wa pili hayuko salama zaidi, ila anachelewa kugundua.

Niongeze jambo moja kuhusu muda. Kwenye majukwaa yanayolipa kwa vipindi, anayelipa ni yule tu ambaye nafasi yake iko wazi wakati wa malipo ukifika. Kwa Binance, nyakati za kawaida ni 00:00, 08:00 na 16:00 kwa saa za UTC. Aliyefunga dakika chache kabla halipi chochote, na aliyefungua dakika chache kabla analipa, au analipwa, kwa kipindi kizima. Deribit ni tofauti, kwani huko fandingi inahesabika mfululizo na hakuna saa ya kuikwepa.

Mchangiaji mwingine

Hapo kwenye muda ndipo ninapotaka kuuliza. Ikiwa mtu anaweza kuingia shoti dakika moja kabla ya malipo, akapokea fandingi, kisha akatoka, kwa nini kila mtu asifanye hivyo?

Mwanzisha uzi

Kwa sababu mlango wa kuingilia na wa kutokea una ushuru wake. Chukua tozo ya asilimia 0.05 kwa anayechukua oda iliyopo sokoni. Kuingia na kutoka ni asilimia 0.10, na hapo bado hujalipa pengo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Unapokea asilimia 0.01 kwa kulipa 0.10. Ni pale tu kiwango kinapokuwa kikubwa isivyo kawaida ndipo hesabu inaanza kuvutia, na wakati huo wapo wengine wengi, wenye programu za kompyuta na tozo ndogo kuliko zako, wanaoliona jambo hilo hilo. Wanauza kabla ya saa ya malipo na kununua mara baada yake, na msukosuko wa bei katika dakika hizo mara nyingi unameza malipo yote. Mimi simshauri mtu yeyote kujenga biashara juu ya jambo hili.

Linalofaa kujulikana ni kwamba nambari inayoonyeshwa kwenye skrini si lazima iwe ile itakayolipwa. Kwenye Binance, kiwango kinachoonekana ni makadirio yanayoendelea kubadilika hadi dakika ya mwisho, na vipimo vya mwishoni mwa kipindi vina uzito mkubwa kuliko vya mwanzoni. BitMEX, kwa upande wake, iliweka utaratibu wa kiwango kinachokokotolewa katika kipindi kimoja na kulipwa mwishoni mwa kipindi kinachofuata, kwa hiyo mfanyabiashara alijua mapema atalipa nini. Soma kanuni za jukwaa unalotumia, kwani mazoea ya jukwaa moja yanapotosha kwenye jingine.

Mchangiaji

Mimi natofautiana kidogo na mwanzisha uzi. Uzoefu unaonyesha kwamba fandingi ikiwa juu sana soko huanguka, na ikiwa hasi sana soko hupanda, kwa sababu walio wengi hukosea. Kwa hiyo ni ishara, na ni ishara nzuri. Kwa nini unaipuuza?

Mwanzisha uzi

Siipuuzi, mkuu, ila napinga kuipa kazi isiyoiweza. Hoja yako ina kiini cha ukweli: kiwango kikiwa juu kwa muda mrefu, maana yake wapo watu wengi waliokopa ili wanunue, wako tayari kulipa bei kubwa ili waendelee kukaa, na bei ikishuka kidogo wengi wao watafungiwa nafasi zao kwa lazima, jambo litakaloisukuma bei chini zaidi. Kwa hiyo kiwango kikubwa kinakuambia kwamba soko ni jepesi kuvunjika. Hakikuambii litavunjika lini, na swali la lini ndilo linaloamua kama umepata au umepoteza.

Angalia mwanzo wa mwaka 2021. Fandingi ya Bitcoin ilikuwa juu ya kawaida mara kwa mara kuanzia Januari, wakati mwingine mara kadhaa ya ile 0.01. Mwaka ulianza bei ikiwa karibu dola 29,000, na katikati ya Aprili ilikuwa imepita dola 60,000. Aliyeingia shoti Januari kwa sababu ya fandingi peke yake alipokea malipo mazuri kila saa 8 huku nafasi yake ikiharibika mbele ya macho yake. Anguko lilikuja Mei, na waliosema soko litaanguka wakajipongeza, lakini miezi ile minne iliyotangulia ilikuwa imekwisha kuwafilisi wengi wao.

Upande wa fandingi hasi nao una mfano wake, na kwangu ni mfano bora zaidi. Mwezi Septemba 2022 Ethereum ilikuwa inajiandaa kuachana na uchimbaji na kuhamia kwenye mfumo wa kuweka amana, tukio lililokamilika tarehe 15 Septemba. Kundi la wachimbaji lilitangaza kwamba litaendeleza mnyororo wa zamani, na kila mwenye ETH, sarafu ya Ethereum, angepewa kiasi kile kile cha sarafu mpya, ETHW, bila malipo. Wafanyabiashara wakanunua ETH kwenye soko la papo kwa papo ili wapate sarafu hiyo ya bure, na ili wasibebe hatari ya bei kushuka wakaingia shoti kwenye mikataba ya kudumu. Fandingi ikazama kwenye hasi kwa kina kikubwa. Anayesoma nambari peke yake angesema soko limejaa watu wanaotarajia anguko na kwamba bei italipuka kwenda juu. Ukweli ni kwamba wengi wa walio shoti hawakuwa na mtazamo wowote juu ya bei, maana walikuwa na ETH ile ile mkono wa pili. Tukio lilipopita, fandingi ilirudi karibu na kawaida, na bei katika siku zilizofuata ilishuka.

Kwa hiyo, kabla ya kusema walio wengi wamekosea, mtu anapaswa kuuliza walio wengi ni akina nani na wanashika nini kwingine. Jumla ya mikataba iliyo wazi inasaidia: fandingi ikipanda pamoja na mikataba iliyo wazi kuongezeka, ni watu wapya wanaoingia kwa mkopo, fandingi ikipanda huku mikataba ikipungua, huenda ni walio shoti wanaokimbia, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Tena, iangalie kwenye majukwaa zaidi ya moja, kwa kuwa sarafu ndogo inaweza kuwa na kiwango cha ajabu kwenye jukwaa moja kwa sababu tu oda zake huko ni chache.

Mchangiaji mwingine

Umetaja watu wanaonunua sarafu na kuingia shoti kwa wakati mmoja. Nimesikia wakiita mapato ya aina hiyo fedha ya bure, kwamba unapata zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka bila kujali bei inakwenda wapi. Ikiwa 0.01 mara 3 kwa siku mara 365 ni asilimia 10.95, hesabu inaonekana sahihi. Kasoro iko wapi?

Mwanzisha uzi

Hesabu ya 10.95 ni sahihi kwa thamani ya nafasi, lakini mtaji wako haukuingia wote kwenye nafasi hiyo. Tuseme una dola 10,000. Unanunua Bitcoin ya dola 6,667 kwenye soko la papo kwa papo, na dola 3,333 zinazobaki unaziweka kama dhamana ya shoti yenye thamani ile ile ya dola 6,667, yaani leveraji ya mara 2. Fandingi ya 0.01 kila saa 8 inakuingizia takriban dola 2 kwa siku, dola 730 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 7.3 ya mtaji wako wote. Sasa ondoa tozo: tuseme 0.10 kwenye soko la papo kwa papo na 0.05 kwenye mkataba, mara mbili kwa kuwa utaingia na kutoka, jumla asilimia 0.30 ya dola 6,667, yaani dola 20. Siku 10 za kwanza unafanya kazi ya kulipa tozo tu. Na tumechukulia kwamba kiwango kitabaki chanya mwaka mzima, wakati kuna vipindi ambapo kinageuka hasi na wewe uliye shoti unakuwa mlipaji.

Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba miguu miwili ya biashara hii haisimami mahali pamoja. Bei ya Bitcoin ikipanda, faida iko kwenye sarafu uliyonunua na hasara iko kwenye mkataba, na jukwaa la mkataba halijali kwamba una sarafu kwingine. Kwa leveraji ya mara 2, kupanda kwa bei kunakokaribia asilimia 50 kunatosha kufilisi shoti yako, hata kama kwa jumla hujapoteza chochote. Ni lazima uwe unahamisha dhamana kadiri bei inavyopanda, na siku ya msukosuko ndiyo siku ambayo kuhamisha fedha huwa kugumu. Wapo wanaokwepa tatizo hili kwa kutumia mkataba ambao dhamana yake ni Bitcoin yenyewe: ukiweka Bitcoin 1 na kuingia shoti kwa thamani ya Bitcoin hiyo 1, thamani yako kwa dola inabaki pale pale bei ikipanda au ikishuka, na kupanda kwa bei peke yake hakukufilisi. Ni njia safi zaidi, ingawa inakulazimu kuiacha sarafu yako yote mikononi mwa jukwaa.

Na jukwaa linaweza kuanguka. FTX ilisimamisha utoaji wa fedha tarehe 8 Novemba 2022, na tarehe 11 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Wapo waliokuwa na miguu yote miwili humo ndani, wamejikinga vizuri kabisa dhidi ya bei, na hawakuwa wamejikinga hata kidogo dhidi ya FTX.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wachache waliijali hadi tarehe 10 Oktoba 2025. Siku hiyo, baada ya rais wa Marekani kutangaza ushuru mpya dhidi ya China, soko lilianguka ghafla, na takwimu zilizokusanywa kutoka kwenye majukwaa zilionyesha nafasi zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 19 zikifungwa kwa lazima ndani ya saa 24. Walioumia zaidi walikuwa longi, kwa hiyo mtu angedhani walio shoti walistarehe. Lakini longi wanapofilisiwa kwa wingi na mfuko wa bima wa jukwaa ukashindwa kubeba hasara, jukwaa lina haki, kwa mujibu wa kanuni zake, ya kufunga nafasi za upande wenye faida ili vitabu vilingane. Mtu aliyekuwa shoti kwa ajili ya fandingi anafungiwa shoti yake kwa bei ambayo hakuichagua, na ghafla anabaki na sarafu mkononi isiyo na kinga, katikati ya soko linaloporomoka. Kanuni hii imeandikwa kwenye nyaraka za karibu kila jukwaa, na ni sehemu ambayo nadhani inafaa kusomwa kabla ya ukurasa wa tozo.

Kwa hiyo mapato hayo yapo, na kuna kampuni zilizojengwa juu yake. USDe ya Ethena, sarafu inayolenga kubaki karibu na thamani ya dola 1, iliyofunguliwa kwa umma mwezi Februari 2024, inasimama juu ya utaratibu huu huu wa kushika sarafu na kuwa shoti kwenye mikataba ya kudumu. Kwa kuwa fedha nyingi kama hizo zinatafuta kuwa shoti, zenyewe zinasaidia kushusha fandingi ambayo zimeifuata. Asilimia unayolipwa ni ujira wa kubeba hatari nilizozitaja, na sioni kitu cha bure ndani yake.

Mchangiaji

Swali la mwisho kwa upande wangu, wakuu. Nalinganisha majukwaa mawili: moja linaonyesha 0.01 na lingine linaonyesha 0.00125 kwa sarafu ile ile. Je, nihamie kwenye la pili?

Mwanzisha uzi

Angalia kwanza kila nambari ni ya muda gani. Hyperliquid na dYdX hulipa kila saa, wakati majukwaa mengi mengine hulipa kila baada ya saa 8. Ukizidisha 0.00125 kwa 8 unapata 0.01, kwa hiyo ikiwa la pili ni la kila saa, hakuna tofauti yoyote kwenye kiwango chenyewe. Tofauti iko kwenye tabia: malipo ya kila saa hufuata mabadiliko ya soko kwa haraka, na anayeingia na kutoka ndani ya saa chache analipa kwa muda aliokaa tu.

Jihadhari pia na sarafu ndogo, kwa sababu muda wenyewe unaweza kubadilishwa. Kila mkataba una dari na sakafu ya kiwango, na pale kiwango kinapogonga dari, baadhi ya majukwaa hufupisha kipindi kutoka saa 8 hadi 4, au hata 1. Nambari kwenye skrini inabaki ile ile lakini inalipwa mara nyingi zaidi. Mtu aliyezoea kuona asilimia 1 kwa saa 8 na kuivumilia, akaendelea kuiona asilimia 1 bila kutazama saa, anaweza kujikuta analipa asilimia 24 ya thamani ya nafasi kwa siku. Ukifungua nafasi kwenye sarafu ya namna hiyo, angalia saa inayohesabu kurudi nyuma kando ya kiwango, kisha ukibadilishe kiwe cha siku moja kwa kuzidisha, na zidisha tena kwa leveraji yako. Jibu utakalopata ndilo asilimia ya dhamana yako inayoondoka kila siku bei ikiwa imesimama. Likizidi kile unachotarajia kupata kwa siku, usifungue.

Kwa wewe unayelinganisha majukwaa mawili yenye kiwango sawa, ningeangalia tozo za kuingia na kutoka, wingi wa oda karibu na bei, na kanuni ya kufungiwa nafasi yenye faida niliyoieleza hapo juu. Ukituma majina ya mikataba hiyo miwili, tunaweza kuipitia kanuni kwa kanuni hapa hapa kwenye uzi.